Maiti wa Ukurasa wa Sitini na Moja

Usiku wa jana niliota nimesimama mbele ya kitabu changu mwenyewe, na sina ruhusa ya kuingia.

Kitabu kilikuwa kikubwa kama ghala la mahindi. Kilisimamishwa wima, na jalada lake lilikuwa na bawaba kama mlango. Mlangoni alisimama rula yangu ya chuma, ile ya sentimita thelathini niliyoinunua mwaka nilioanza kazi. Alikuwa amevaa koti la mlinzi. Sikushangaa. Nilijiuliza tu ni fundi gani aliyekubali kushona koti jembamba namna ile.

"Kitabu hiki ni cha watu wazima," akasema rula.

"Najua. Mimi ndiye niliyekichora."

"Wengi husema hivyo. Wewe ni mtu mzima?"

"Nina miaka thelathini na minne."

"Sikukuuliza miaka. Umemzika nani?"

Nilitaka kumdanganya, lakini rula huyu nimekaa naye miaka kumi na moja na anaijua mistari yangu yote iliyopinda. Nikamwambia sijamzika mtu.

"Basi kwa wino huingii," akasema. "Ingia kwa penseli."

Akanigusa begani kwa ncha yake. Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa imebaki mistari tu, ya bluu hafifu, na kupitia kiganja niliona vizuri kokoto za pale chini.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana ndoto yenyewe haikujali kueleza. Mimi naitwa Gaudensi Kihwele, nakaa Kihesa, Iringa, na kazi yangu ni kuchora riwaya za picha. Si vibonzo vya kuchekesha vya gazetini. Ni vitabu vizima, vya kurasa tisini au mia, vinavyohusu watu waliooana wakachokana, waliofungwa jela, waliogombea urithi. Mama mdogo Generoza, aliyenilea na ambaye naishi naye hadi leo, huniuliza kila kitabu kinapotoka: "Hao watu wazima wanaosoma katuni, kwao hakuna kazi?"

Penseli ya bluu ndiyo tunayoanzia. Mtambo wa chapa hauioni bluu hiyo. Unachora nayo kila kitu, unakosea utakavyo, kisha unapitisha wino mweusi juu ya mistari unayoitaka. Kilicho cha bluu, kwa mtambo, hakipo.

Aliyenifundisha hayo ni mzee Atanasi Mwalongo, ambaye sasa amestaafu na anafuga nguruwe Makambako. Alinifundisha wino, brashi na subira, halafu akanipa sharti moja. Mlevi wa kitabu chako, mwizi, padri, mpe uso wa yeyote uliyemwona sokoni. Lakini maiti mpe uso wako mwenyewe. Usimlaze mtu aliye hai kwenye kitanda cha maiti hata kwa karatasi. Yeye alifanya hivyo katika vitabu vyake vyote kumi na kimoja. Mimi niliitikia ndiyo mzee, nikaliweka sharti hilo pamoja na mambo mengine ya wazee.

Kitabu changu kipya kinaitwa Funguo Tatu. Kinamhusu Bi Sanura, mkunga mstaafu, anayefariki ukurasa wa sitini na moja huku wanawe watatu wamemzunguka wakiulizia funguo za nyumba. Ukurasa huo niliuruka wiki tatu. Nilijaribu uso wangu kwenye kioo, nikagundua kwamba ukifumba macho hujioni. Ningeweza kujipiga picha kwa simu, lakini sikujipiga. Ukweli ni kwamba sijui maiti anafananaje. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka saba. Nilipelekwa kwa jirani na daftari na kalamu za rangi, nikaambiwa mama amekwenda Songea kutibiwa. Nilimsubiri kutoka Songea mwaka mzima.

Jana mchana, baada ya kula, mama mdogo alijinyoosha kwenye kochi akapitiwa na usingizi. Mkono wa kulia ulining'inia, mdomo umeachama kidogo. Alikuwa amelala vile ninavyomtaka Bi Sanura. Nilimchora kwa dakika kumi, nikamtia wino papo hapo. Akafumbua jicho moja.

"Unachora nini?"

"Makochi," nikasema.

"Haya," akasema, akalala tena. Saa kumi jioni nakala za skana za kurasa zote zilikuwa zimetumwa kwa barua pepe Dar es Salaam, kwenye mtambo, na mimi nilijiona kidume.

Sasa turudi kitabuni.

Niko ukurasa wa tano na mvua inanyesha. Mvua hii niliichora mimi, mistari ya mshazari mia mbili na kitu, kwa rula. Inaanguka kama fito. Watu wanatembea wameinamisha vichwa na fito zinawagonga mabegani na kulala barabarani bila kukauka. Bwana mmoja anaokota moja, anaitazama, anamwambia mkewe, "Aliyechora mvua hii hajawahi kunyeshewa." Hawanioni.

Nje ya kitabu, mbali kidogo, kitu kizito kikaanza kupiga hatua. Kisha sauti ikaita, ile sauti ya karani wa hospitali anayeita wagonjwa dirishani:

"Karatasi ya kwanza."

Nikaelewa kwamba mtambo umewashwa. Mtambo hauchapi ukurasa mmoja mmoja. Unachapa kurasa kumi na sita kwenye karatasi moja kubwa, ndipo ikunjwe na kukatwa. Nilihesabu kwa vidole vyangu vya bluu. Ukurasa wa sitini na moja umo kwenye karatasi ya nne. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, ingawa nilikuwa bado sijui naogopa nini.

Nikatembea haraka. Nilipogeuza kona nikajikuta kwenye harusi, ukurasa wa ishirini. Wageni walikuwa kama arobaini, wote wamenipa mgongo. Hao niliwachora kwa nyuma ili nisihangaike na nyuso arobaini, na kila mchoraji mwenye haraka hufanya hivyo. Wenye nyuso, yaani maharusi na padri, niliwapigia kelele bila wao kugeuka. Nikamgusa mgeni mmoja wa nyuma kabisa, mwenye suti. Akageuka. Upande wa pili nako kulikuwa na kisogo.

"Nakusikia," akasema, na sauti ilitoka katikati ya nywele. "Sema polepole, masikio yangu hayakumalizwa."

"Natafuta ukurasa wa sitini na moja."

"Pita pembezoni. Katikati hapa hutafika, kuna maneno mengi." Akanyoosha mkono kunielekeza. "Halafu, ukimwona aliyetuchora, mwambie tumesimama hapa tangu mwezi wa tatu na hatujamwona bibi harusi."

Nikasema nitamwambia. Wageni wote wakageuka kuniaga kwa heshima, visogo arobaini, na mimi nikaondoka kinyumenyume mpaka nilipowapoteza.

"Karatasi ya pili," ikaita sauti.

Pembezoni mwa kitabu kuna ukumbi mrefu mweupe. Nilikuwa siujui. Sakafuni ilitandikwa mikeka, na juu ya mikeka walilala watu kumi na mmoja, wamefunikwa shuka nyeupe mpaka kifuani. Wote kumi na mmoja walikuwa mzee Mwalongo.

Wa kwanza alikuwa na umri wa miaka ishirini na ushei, nywele zimetimka, ametobolewa na mkuki. Wa pili ana sharubu, amezama mtoni na bado anadondosha maji. Wa tano aliuawa na chui. Kadiri mstari ulivyoendelea walizidi kunenepa na kupata upara, mpaka yule wa mwisho, mwenye miwani, aliyefariki kwa utaratibu wa kawaida kitandani.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakajibu kumi. Yule wa mkuki akasema, "Mimi niache, wewe ni mkubwa wangu."

Baada ya mwenye miwani kulikuwa na mkeka wa kumi na mbili, mtupu, umetandikwa vizuri, shuka limekunjwa upande wa miguuni.

"Huo wa nani?" nikauliza.

"Wako," akasema mwenye miwani, macho amefumba. "Tumekusubiri tangu jana saa kumi. Badala yako tunasikia yuko mwanamke ukurasa wa sitini na moja, na mwanamke mwenyewe anapumua."

"Ni mama yangu mdogo. Alikuwa amelala."

"Kitanda cha maiti hakina nafasi ya mtu aliyelala," akasema wa chui. "Karatasi ikipita, atatulia."

"Atatulia vipi?"

Waliojeruhiwa walitazama dari.

"Nakala ngapi?" akauliza mwenye miwani.

"Elfu mbili."

"Basi atatulia mara elfu mbili. Mwili wa mama yako mdogo ni mmoja tu, Gaude."

Nikakaa kwenye mkeka wangu, kisha nikaruka nilipokumbuka ni wa nini. Nikawaambia nitakwenda kumfuta. Wakasema wino haufutiki, na nilikuwa nalijua hilo kabla hawajasema. Wino hubandikwa kiraka. Unakata karatasi nyeupe ya kutosha, unachora upya, unaibandika juu ya kosa, na mtambo hautambui mshono. Aliyezama mtoni akachomoa kiraka chini ya mto wake, kipana kama kiganja, akanipa. Kilikuwa kimelowa.

"Chora uso wako humo," akasema.

"Nikifumba macho sijioni."

Wote kumi na mmoja wakacheka. Walicheka bila matumbo yao kutikisika, na hicho ndicho kitu cha usiku mzima ninachotamani nisingekiona.

"Ndiyo maana huchorwa na mtu," akasema wa mkuki. "Mimi alinichora mke wangu."

"Mke wetu," wakamsahihisha wengine.

Nikakimbia. Nikiwa penseli nakimbia vizuri, sina uzito.

Ukurasa wa sitini na moja ni chumba cha Bi Sanura. Kuna dirisha, kabati, kalenda isiyo na mwaka. Nimesimama kwenye kisanduku cha tatu, yaani picha ya tatu ya ukurasa. Mama mdogo Generoza amelala juu ya kitanda nilichomchorea, na khanga yake ileile ya jana, mkono wa kulia unaning'inia. Kifua kinapanda na kushuka. Wanawe watatu wa kitabuni wamemzunguka, na juu ya kila mmoja linaning'inia puto la maneno aliyoyasema: FUNGUO ZIKO WAPI? Maneno yakishasemwa kitabuni hayaondoki. Maputo yamejaza chumba mpaka darini, na hao ndugu wamekunja shingo chini ya maneno yao wenyewe, wanasubiri.

"Mama mdogo," nikaita.

Puto likanitoka mdomoni, la bluu, jembamba, likaelea likapita katikati ya vichwa vyao. Hakuna aliyelisoma.

"Mama mdogo, amka twende."

Puto la pili. Nikashika mkono wake, mistari yangu ikapita ndani ya wino wake kama moshi.

"Usijichoshe," ikasema sauti ya chini. Ilikuwa raba yangu, imekaa juu ya meza ya dawa, imelika upande mmoja. "Hakusikii. Huyo ni wino."

"Wewe nisaidie. Mfute."

"Mimi ni wa penseli. Nikianza kushughulika na wino nitachana karatasi, na karatasi ikichanika hapo alipo, sitaki kusema." Akatafakari. "Nikitaka naweza kukufuta wewe."

"Asante, hapana."

"Nimeuliza tu."

"Karatasi ya tatu," ikaita sauti, na maputo yote chumbani yakatikisika.

"Mama mdogo mwenyewe yuko wapi basi?" nikauliza raba.

"Kiko wapi kila kitu ambacho hukukichora? Yuko uchochoroni."

Uchochoro ndiyo tunavyouita ule ukanda mweupe unaotenganisha kisanduku na kisanduku. Una upana wa nusu kidole. Msomaji anauruka bila kuuona, lakini wachoraji wote wanajua kwamba mambo makubwa hutokea humo. Kisanduku cha tatu Bi Sanura anapumua. Kisanduku cha nne hapumui. Kufa kwenyewe sikukuchora, hakuna anayekuchora. Kuko kwenye uchochoro.

Nikaukanyaga ukingo wa kisanduku, mstari mweusi nilioupiga kwa rula, nikaingia.

Humo ndani ni kweupe na hakuna mwangwi. Nilidhani nitakuta kufa kwa Bi Sanura. Nikakuta siku ya Jumatano, saa nane mchana, kijijini kwetu, mwaka ule nilipokuwa kwa jirani.

Nyumba ni yetu ya zamani. Jeneza liko sebuleni juu ya viti viwili, bado halijafunikwa. Watu wanapita kuaga mmoja mmoja. Baba anapita. Bibi anapita, ameshikwa huku na huku. Wa mwisho ni msichana mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani, na namtambua kwa mwendo. Ni mama mdogo Generoza, ana miaka ishirini na miwili.

Anasubiri watu wageuke. Kisha anaingiza mkono kifuani anatoa karatasi ya daftari. Naijua. Ni lori nililochora asubuhi ile kwa jirani, kichwa chekundu, tela la kijani, na magurudumu matano kwa sababu la sita halikuenea. Niliagiza apelekewe mama Songea. Analikunja mara moja, mara mbili, mara tatu, mara nne. Analisukuma chini ya kiganja cha mama. Anatazama mlangoni. Hakuna aliyeona.

Ndipo nikasogea nikamwona mama yangu.

Nitasema jambo moja tu kuhusu hilo, kama mchoraji. Mtu aliyelala ana shughuli. Uso umelala lakini nyuma yake kuna mtu anafanya kazi, anapumua, anameza mate, anangoja kuamka. Mama yangu hakuwa na shughuli yoyote. Nilichokichora jana hakikuwa maiti hata kidogo. Nililia sana, na machozi yalikuwa ya bluu, yalidondoka kwenye weupe bila kuacha alama. Nilikuwa nadaiwa machozi hayo tangu nina miaka saba.

Baadaye walimpeleka makaburini nami nikafuata nyuma. Ilipofika zamu ya watoto wa marehemu kutupa udongo, hakuna aliyetoka. Nikainama, nikachota udongo, nikautupa. Ulitoa sauti.

Rula alikuwa amesimama pembeni ya kaburi na koti lake.

"Umemzika nani?"

"Mama yangu."

"Pita," akasema, na mara hii aliinama kidogo.

Nilipoinua macho makaburi hayakuwapo. Palikuwa na weupe tu, na katikati ya weupe kochi letu la Kihesa, na juu ya kochi mama mdogo wa leo, wa miaka arobaini na tisa, amekaa amefumbata mikono.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umechelewa. Niko hapa tangu jana mchana." Akapapasa nyuma yake. "Na hili kochi halina nyuma. Hukulimaliza."

"Nilikudanganya niliposema nachora makochi."

"Nilijua. Kochi haliangaliwi hivyo."

Nikakaa karibu naye, upande uliomalizwa. Hatua za mtambo zilikuwa zinasikika hata humo, na weupe ulikuwa unatetemeka.

"Na wewe ulinidanganya," nikasema. "Songea."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu."

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Gaude. Nilikuwa sijui linasemwaje. Nilipolijua, ulikuwa umeshaacha kuuliza." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Kila ulipochora mwanamke kitabuni nilitazama kama ni yeye. Hukuwahi kumchora."

"Nilikuwa sijamwona."

Nikatoa kiraka cha Mwalongo, kilikuwa kimekauka, na penseli yangu ya bluu. Nikamweleza kila kitu kwa haraka, mkeka wa kumi na mbili, nakala elfu mbili, karatasi ya nne. Alisikiliza kama anavyosikiliza bei ya mafuta ya kula, bila kubadilika uso.

"Kwa hiyo mimi nikuchore wewe umekufa," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi sijui kuchora."

"Wewe ndiye pekee unayejua nikilala nafananaje."

Hilo halikuwa na ubishi. Akaniamuru nilale na kichwa mapajani kwake, kama nilivyokuwa nikilala zamani nikiwa na homa. "Fumba macho. Usitikisike." Nikafumba. Nikasubiri kusikia penseli ikikwaruza karatasi. Badala yake nikasikia ncha baridi juu ya paji la uso wangu. Ikashuka taratibu katikati ya nyusi, juu ya pua, juu ya midomo, mpaka kidevuni. Kisha ikaanzia sikio la kushoto, ikavuka macho, ikaelekea sikio la kulia. Ni msalaba ule tunaoanzia uso wowote ili macho na mdomo vikae mahali pake. Sikuwahi kumfundisha.

"Mama mdogo, kiraka kiko huku."

"Usiongee. Mdomo unahama."

Niliogopa, lakini nitasema ukweli, nilistarehe pia. Ncha ilianza kuzunguka jicho.

"Unachora nini?" nikauliza bila kufungua midomo.

"Makochi," akasema mama mdogo.

Na juu yetu, karibu kabisa, kana kwamba karani ameingiza kichwa chumbani, sauti ikaita:

"Karatasi ya nne."

Nikaamka.

Palikuwa pameshapambazuka. Jua lilikuwa ukutani, na uani mama mdogo alikuwa anakohoa na kuwagombeza kuku. Sijawahi kufurahia kikohozi cha mtu namna ile. Nilikaa kitandani nikakisikiliza mpaka kilipokwisha, kisha nikachukua simu nikapiga Dar es Salaam kabla hata ya kunawa. Nikamwambia fundi wa mtambo asimamishe karatasi ya nne, kuna kiraka cha ukurasa wa sitini na moja kinakuja.

"Una bahati," akasema fundi. "Ndiyo tulikuwa tunaiweka. Kiraka cha nini?"

"Uso."

"Haya. Mpaka saa sita."

Nikaenda mezani. Ukurasa ulikuwa pale pale nilipouacha, na mama mdogo ndani yake amelala usingizi wake mzuri wa baada ya ugali. Mtu yeyote aliyewahi kuzika angeona kwamba huyo atakuja kuamka. Nilikuwa nakata karatasi ya kiraka aliponiletea chai.

Akaweka kikombe. Akanitazama. Akasogea karibu zaidi.

"Una nini usoni?"

"Wapi?"

"Hapa." Akanipitisha kidole kutoka paji la uso mpaka kidevuni, halafu kutoka sikio hadi sikio. "Umejichora na hiyo penseli yako ya bluu. Mtu mzima mzima." Akalowesha ncha ya khanga kwa mate, kama alivyokuwa akinifanyia siku za kwenda kanisani, akaanza kunisugua shavu. Akasugua tena kwa nguvu. "Mbona haitoki?"

Penseli ilikuwa ndani ya kopo lake, mezani. Na juu ya jicho langu la kushoto, nilikuja kuona baadaye kwenye kioo, kulikuwa na kiduara kilichoanzwa kikaishia njiani.

"Mama mdogo," nikasema, "lile lori lilikuwa na magurudumu mangapi?"

Hakuniuliza lori gani. Mkono wake ukasimama shavuni kwangu.

"Matano," akasema.

Kuku walilia uani na hakwenda kuwafukuza. Alivuta kiti akakaa, khanga bado iko mkononi.

"Nililikunja mara nne ndipo likaingia," akasema taratibu. "Hakukuwa na mtu, Gaude. Niliangalia mlangoni kabla. Hakuna aliyeniona."

"Nilikuona," nikasema.